SOMO: Safisha pini za RAM bila kukwangua dhahabu yake

Wakuu salama? Kuna kitu mafundi wengi wanakifanya kila siku na kinaniuma kweli: kompyuta ikigoma kuwaka au ikianza kupiga zile bipu, mtu anachomoa RAM (kile kibao cha kumbukumbu ya kompyuta), anachukua raba ya penseli anasugua mpaka pini, yale meno ya dhahabu ukingoni mwake, zing'ae. Inawaka sawa, ila kila ukisugua dhahabu inapungua.

Zile pini kwa chini ni shaba, juu yake nikeli, halafu ndo dhahabu. Dhahabu haishiki kutu ndo maana ikawekwa pale, na nikeli iko katikati kuzuia shaba isipenye ikatokea juu. Sasa unene wake: unywele una kama maikroni 70 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), dhahabu ya pini kwa kawaida haifiki hata 1, na za bei chee ni nyembamba zaidi. Ikiisha, nikeli inabaki wazi inashika utando, na tatizo linarudi kila mara.

Hatua ya 1: Zima, chomoa waya wa umeme (laptop toa na betri kama inatoka), bonyeza batani ya kuwashia sekunde kama 10 umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kutoa umeme tuli mwilini.

Hatua ya 2: Fungua klipu, toa RAM kwa kushika kingo. Vidole visiguse pini, mafuta ya ngozi nayo ni uchafu. Jaribu kwanza kuirudisha na kuwasha, maana mara nyingi kuchomoa na kuchomeka tu kunatosha, pini zinajipangusa zenyewe zikiingia kwenye sloti.

Hatua ya 3: Ikigoma, chomoa tena umeme, chukua alkoholi ya isopropili ya 99%, lowesha kidogo kitambaa kisichotoa nyuzi, pangusa taratibu kuelekea ukingoni. Usikandamize. Petroli hapana.

Hatua ya 4: Toa vumbi kwenye sloti kwa brashi laini au bloa, usipulize kwa mdomo mate yanaingia. Acha vikauke, rudisha RAM mpaka klipu zilie.

MASWALI

Swali: Mkuu kwanini wasiweke fedha, si inapitisha umeme vizuri zaidi?
Jibu: Kweli inapitisha zaidi, hata shaba inaizidi dhahabu. Ila fedha inaingia weusi ikikutana na salfa ya hewani, na shaba inashika kutu. Pini inatakiwa ibaki safi miaka na miaka.

Swali: Nina RAM mbovu nyingi, naweza kutoa dhahabu mwenyewe?
Jibu: Nakuomba usijaribu nyumbani ndugu yangu. Inahitaji asidi kali, moshi wake unaharibu mapafu, na utakachopata ni kidogo mno. Wauzie wanaonunua taka za elektroniki.

Swali: Mbali na kompyuta, dhahabu nyembamba hivi inatumika wapi?
Jibu: Laini ya simu yako hapo. Kioo cha kofia ya wanaanga pia, inazuia joto la jua. Na darubini ya James Webb iliyorushwa Desemba 2021, vioo vyake 18 vimepakwa dhahabu ya kama nanomita 100 (yaani maikroni 0.1) kwa sababu inaakisi infraredi, mionzi isiyoonekana kwa macho, vizuri sana. Dhahabu yote ni kama gramu 48 tu, na kwa vile ni laini wakaipaka utando mwembamba wa glasi juu isikwaruzike.

Swali: Kwa hiyo raba ndo basi kabisa?
Jibu: Kama alkoholi imeshindwa kabisa, raba nyeupe laini, mara moja, kwa wepesi, halafu pangusa chembe zake. Msasa usiguse. Ukishaona wekundu wa shaba kwenye pini, tafuta RAM nyingine.