Somo: Kumfundisha mkutubi mpya kushika vitabu adimu vya sheria

Mkutubi mpya afundishweje kushika vitabu adimu vya sheria? Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, kila mara kwa maneno yaleyale, basi leo naliweka lote hapa. Ni kwa ajili yenu mnaopokea vijana waliotoka chuoni: katalogi wanaijua vizuri, lakini hawajawahi kushika juzuu ya sheria ya enzi za mkoloni.

1. Mikono ioshwe kwa sabuni na ikauke kabisa. Asipake mafuta. Glavu za pamba hapana, kidole hakihisi karatasi na ukurasa unachanika.

2. Mezani penseli tu. Chai ibaki nje.

3. Kitabu kisivutwe kwa kushika ncha ya juu ya mgongo. Asukume ndani kidogo vilivyo kushoto na kulia, kisha akishike katikati.

4. Ngozi ya jalada ikiacha vumbi jekundu mkononi, imeoza. Usiipake mafuta wala rangi ya viatu. Kitabu kifungwe kwa karatasi isiyo na asidi, kiandikwe alama, kilazwe.

5. Vipande vilivyobandikwa. Hapa someni polepole. Zamani sheria ikirekebishwa, karani alikata kipande kilichochapwa na kukibandika juu ya kifungu cha zamani, wakati mwingine akaandika tarehe pembeni kwa mkono. Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa juzuu kadhaa nizisafishe. Nikalowesha sponji, nikabandua vipande vyote na kuvitia katika bahasha moja, nikidhani nimefichua maandishi ya asili. Baadaye akaja wakili anayetaka kujua kifungu fulani kilisomekaje kabla ya uhuru. Kipande kilisema tu "kifungu cha 14", bila jina la sheria, na kifungu cha 14 kimo karibu katika kila sheria. Tarehe za karani zilikuwa zimeyeyuka kwa maji. Sikuweza kumsaidia, na hadi leo inaniuma.

Kwa hiyo: msibandue kitu. Kipande kikianza kuachia, kipigwe picha kikiwa mahali pake, namba ya ukurasa ionekane, kisha kiingizwe katika mfuko wa karatasi palepale penye ukurasa huo. Maji yasikaribie kabisa. Na kijana asiachwe peke yake na juzuu hizi hadi umemwona akifanya kazi hii mbele yako.

6. Toleo jipya likija, la zamani halitupwi. Mahakama huweza kuuliza sheria ilikuwaje siku jambo lilipotendeka. Toleo la Sheria za Uganda la 1951, la 1964 na la 2000 yote yakae rafuni.

MASWALI

Mkutubi wa Jinja: Mwalimu, sasa glavu tuvae au tusivae?
Jibu: Hatua ya 1.

Kijana wa Rafu: Mimi hutumia selotepu ile ya wazi, haionekani, na mkuu wangu hajawahi kulalamika.
Jibu: Atakuja kulalamika. Gundi yake hugeuka manjano, huingia ndani ya karatasi, na kuitoa ni kazi ya fundi. Sikuandika somo hili ili tubishane kuhusu selotepu. Acha leo.

Dada wa Gulu: Shikamoo mwalimu. Tuna rafu nzima ya sheria za Uingereza za karne ya 19. Wenzangu wanasema ni takataka za mkoloni. Je, zina kazi?
Jibu: Marahaba dada, asante kwa kuuliza. Amri ya mwaka 1902 iliyounda mahakama zetu ilileta Uganda sheria za Uingereza za matumizi ya jumla zilizokuwa zikitumika huko tarehe 11 Agosti 1902. Anayefuatilia kesi ya zamani atahitaji kuona maneno yalivyokuwa kabla ya siku hiyo, na matoleo ya baadaye hayatamwonyesha. Anza kwa kuorodhesha miaka iliyomo, na utazame kurasa za mwanzo: mihuri na majina ya wenyewe wa kwanza huonyesha kitabu kilipitia ofisi gani. Ukikwama, niandikie.

Dada wa Gulu: Nitaanza Jumatatu. Na kuvu je? Mvua zikianza, vitabu vya chini hunuka.
Jibu: Rafu isigusane na ukuta, acha upana wa kiganja hewa ipite, na kitabu cha chini kabisa kisikae sakafuni. Chenye kuvu kitenge na vingine kwanza, usikifute kikiwa na unyevu, utaisugua iingie ndani ya karatasi.

Mkutubi wa Jinja: Kwetu ni mchwa.
Jibu: Kagua nyuma ya rafu kila wiki, hasa palipo na mbao zinazogusa ukuta. Ukiona njia ya udongo, hamisha vitabu siku hiyohiyo, kisha ndipo umwite wa dawa. Dawa isipuliziwe vitabu.