Somo: Kutoa diski ya mashine pepe kwenye thini hadi thiki (VMware ESXi)

Ikifika karibu na tarehe 20, watu wakikimbizana na ritani za VAT, wenye seva za uhasibu hapa Nairobi huanza kulia kwamba mfumo unakokota. Mara nyingi diski ya mashine pepe (kompyuta ya programu inayoendeshwa ndani ya seva) iliundwa kwa thini, na hifidata inazidi kukua.

Thini huchukua nafasi kidogo kidogo. Mashine ikiandika mahali ambapo haijawahi kugusa, ESXi, programu ya VMware inayoendesha mashine pepe, hutenga nafasi kwanza, huijaza sifuri, ndipo data iandikwe. Kuna thiki iliyotengewa nafasi yote lakini sifuri zinasubiri, na ile ambayo amri huiita `eagerzeroedthick`, iliyomaliza kazi zote mbili mapema. Tunaitaka hii ya mwisho. Faida yake iko kwenye uandishi wa kwanza tu. Seva ya mafaili ya zamani ambayo husomwa zaidi ya kuandikwa, iache ilivyo.

1. Chukua bekapu na uhakikishe inafunguka. Kisha futa snapshoti zote (picha za hali ya mashine zilizohifadhiwa awali). Diski yenye snapshoti haiguswi.

2. Piga hesabu ya nafasi. Diski ya GB 500 iliyotumia GB 120 itadai GB 380 zaidi. Usiijaze hifadhi (datastore, mahali diski hizi zinapokaa) hadi ukingoni: mashine nyingine za thini zilizo humo zitasimama zikikosa pa kuandika.

3. Zima mashine, ingia kwenye ESXi kwa SSH (njia ya kuandika amri ukiwa mbali), kisha:

`vmkfstools -j /vmfs/volumes/hifadhi1/uhasibu/uhasibu.vmdk`

Taja faili fupi ya `.vmdk`, si ile ya `-flat.vmdk`. Data haipotei. Kama diski yako ni thiki ambayo sifuri zake zinasubiri, weka `-k` badala ya `-j`.

4. Subiri. Hifadhi inayoandika MB 100 kwa sekunde itatumia zaidi ya saa moja kwa hizo GB 380. Fanya usiku, UPS ikiwa na chaji, na kompyuta yako iwe kwenye waya. Kuendesha kazi hii kwa Wi-Fi ya ofisi ni kujitafutia balaa.

5. Kagua:

`vmkfstools -t0 /vmfs/volumes/hifadhi1/uhasibu/uhasibu.vmdk`

Ukiona `NOMP`, bado kuna sehemu za thini. `VMFS Z-` ni nafasi iliyotengwa ambayo haijajazwa sifuri. Mistari yote ikisema `VMFS --`, umemaliza. Tafuta namba ya mashine kwa `vim-cmd vmsvc/getallvms`, ipakie upya kwa `vim-cmd vmsvc/reload` ukifuatisha namba hiyo, halafu iwashe.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, duka letu linauza usiku na mchana. Siwezi kuzima.*

Kama mna vCenter (programu ya kusimamia seva za ESXi) na leseni inayoruhusu Storage vMotion (kuhamisha diski bila kuzima mashine), hamisheni diski kwenda hifadhi nyingine mashine ikiwa inafanya kazi, na kwenye muundo wa diski mchague thiki ile ya `eagerzeroedthick`. Chagueni saa ambayo wateja ni wachache, maana kuhamisha nako kunakula kasi.

*Mimi natumia VirtualBox kwa mazoezi ya chuo. Je?*

Hapo unanakili diski upya:

`VBoxManage clonemedium disk ya_zamani.vdi mpya.vdi --variant Fixed`

Kisha toa ya zamani kwenye mipangilio ya mashine, uweke mpya. Ila kwa mazoezi, ningebaki na inayokua. Laptopu haina nafasi ya kuchezea.

*Nimefuata hatua zote, `-t0` inaonyesha `VMFS --` kila mstari, na bado wahasibu wananipigia simu. Nimekosea wapi, kaka?*

Hujakosea, dada. Fungua `esxtop`, bonyeza `u`, utazame DAVG (muda diski zinaochukua kujibu) na KAVG (muda ombi linaokaa ndani ya ESXi) watu wakiwa kazini. KAVG ikipita milisekunde 2 kila mara, foleni iko ndani ya ESXi yenyewe. DAVG ikikaa juu ya milisekunde 25, tatizo liko kwenye diski zenyewe au kontrola ya RAID (kadi inayounganisha diski kadhaa za seva), na thiki haiwezi kulitibu. Anza na betri ya kontrola. Ikifa, kontrola nyingi huacha kutumia kashe ya kuandika (kumbukumbu ya muda inayopokea data kwanza), na kila andiko husubiri diski inayozunguka. Stima ikipotea ovyo ovyo na seva ni ya miaka mingi, betri hiyo ndiyo ningeishuku kwanza.