Jinsi ya kumsindikiza mama aliyepigwa: RB, PF3, barua ya wito na hati ya baraza

Mwongozo huu ni wa jirani, dada, shangazi au mwanakikundi wa vikoba ambaye mama aliyepigwa na mumewe amemfuata na kumwomba amsindikize. Unahusu Tanzania Bara. Zanzibar kuna mahakama za Kadhi na utaratibu wake wa ndoa.

Bara hatuna sheria moja ya ukatili wa majumbani yenye dirisha moja la kuombea ulinzi. Kipigo kimo kwenye Kanuni ya Adhabu, talaka na mgawanyo wa mali kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, matunzo ya watoto kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009. Ndiyo maana mama huzungushwa: polisi wanamtuma ustawi wa jamii, ustawi wanamtuma baraza la kata, baraza linamrudisha kwa wazee wa ukoo. Kazi yako msindikizaji ni kuhakikisha kila ofisi anayoingia anatoka na karatasi, na karatasi hiyo imeandikwa sawasawa. Kesi za namna hii huharibika mapema, kwenye karatasi za wiki ya kwanza.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Siku anazoondoka ndizo za hatari kuliko zote, kwa hiyo asitangaze. Asimwage maneno ya "nakwenda kukushtaki". Atoe vitu kidogo kidogo na kuvihifadhi kwa mtu ambaye mume hamfikirii: namba ya NIDA, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa au kadi za kliniki za watoto, hati ya kiwanja au mkataba wa kupanga, dawa anazotumia, nguo za watoto. Asichoweza kukitoa akipige picha na kukutumia wewe, kisha afute ujumbe kwenye simu yake.

Kama cheti cha ndoa kimefichwa, nakala inaweza kufuatiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, au ofisi ya mkuu wa wilaya ndoa iliposajiliwa. Kama hakikuwahi kuwepo, asikate tamaa. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema watu walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kutambulika kama mke na mume huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata dhana hiyo ikivunjwa, mwanamke bado anaweza kuomba nafuu mahakamani. Wanawake wengi wamekubali kutoka mikono mitupu kwa sababu tu mtu aliwaambia "wewe hukuolewa".

Polisi: RB, kisha IR

Nendeni moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto. Kituo kikiwa hakina dawati, ombeni askari wa kike na chumba cha faragha, maana kaunta si mahali pa kueleza mambo ya chumbani. Usiku au kwa dharura, pigeni 112. Kama mtoto naye ameumizwa, 116 ni bure na wataelekeza ofisi ya karibu.

Taarifa ikiandikwa, mtapewa namba ya RB. Wengi huishia hapo wakidhani kesi imefunguliwa. RB ni kumbukumbu kwamba taarifa imefika kituoni. Upelelezi unaanza jalada likifunguliwa na kupewa namba ya IR. Baada ya mama kuandika maelezo, ulizeni kwa upole: "Jalada lina IR namba ngapi, na mpelelezi ni nani?" Andikeni vyote viwili. Siku mkirudi bila IR mtaambiwa faili halionekani.

Maelezo yake yasomwe kwa sauti kabla hajaweka sahihi au dole gumba. Sikilizeni kama vitu hivi vimo: tarehe na saa, alipigwa na nini na wapi mwilini, maneno ya vitisho kama yalivyotamkwa, watoto waliokuwepo, na matukio ya nyuma. Maelezo yanayosema "alinipiga kwa sababu ya ugomvi wa kawaida" yanampa mshtakiwa nusu ya utetezi wake. Akiona kosa, lirekebishwe palepale. Ni haki yake.

Kuna askari watakaomshauri akayamalize nyumbani. Wengine wanadhani kwa dhati kwamba wanaokoa ndoa. Mjibuni kwamba Sheria ya Ndoa, kifungu cha 66, haimpi mwenzi yeyote haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na kwamba shambulio la kudhuru mwili ni kosa la jinai lenye adhabu ya hadi miaka 5 jela. Dawati likigoma kabisa, onaneni na mkuu wa kituo, na kutoka hapo mkuu wa upelelezi wa wilaya. Ombeni pia dawati liwajulishe mume akipewa dhamana, kwa sababu akitoka jioni na mama hajui, mnaweza kukutana naye mlangoni.

RB haina malipo, wala PF3, yaani fomu ya polisi ambayo daktari huandikia majeraha.

PF3, karatasi inayopoteza kesi

Hapa ndipo tunapomwomba msindikizaji apunguze haraka. PF3 ina sehemu ya polisi na sehemu ya daktari. Polisi wanajaza jina, umri, kituo, namba ya taarifa na aina ya malalamiko. Hakikisheni jina linafanana na la kitambulisho. "Mama Neema" kwenye PF3 na jina jingine NIDA ni mwanya ambao wakili wa upande wa pili hatauacha.

Kama anavuja damu, amepoteza fahamu au ni mjamzito na tumbo linauma, hospitali kwanza. PF3 itafuata. Kama amebakwa, asioge na asifue. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au bahasha ya kaki, kwani kwenye rambo unyevu huozesha ushahidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinaanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyokinga vizuri. Dawa za dharura za kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120. Hospitali kadhaa kubwa zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi, ustawi na mshauri wanapatikana sehemu moja. Ulizeni mapokezi kabla ya kupanga foleni ya kawaida.

Mbele ya daktari mama aseme kila kinachouma, hata kisichoonekana. Angalieni hasa kukabwa shingo. Mara nyingi kukabwa hakuachi alama siku ile, na daktari mwenye wagonjwa wengi nje ataandika "hakuna jeraha". Aseme kama sauti imekauka, kama kumeza mate kunauma, kama macho yamekuwa mekundu kwa vidoti vya damu, kama aliona giza au alijikojolea alipokuwa amekabwa. Hizo ni dalili za kitabibu, zinaandikika, na ni za hatari: aliyekabwa anaweza kuzidiwa baadaye, hivyo achunguzwe hata kama anasema amepona.

Kabla ya kutoka chumbani, tazameni sehemu ya daktari. Iwe na mahali jeraha lilipo, ukubwa wake, umri wake, kitu kinachoweza kuwa kimelisababisha, na daraja la madhara. Neno "michubuko" peke yake halitoshi. "Mchubuko wa sentimita 6 mkono wa kushoto kwa nje, pamoja na uvimbe wa kiwiko" linatosha. Halafu jina la daktari lisomeke, sahihi iwepo, tarehe iwepo, na mhuri upigwe. Fomu bila mhuri itawarudisha hospitali, na pengine daktari yule atakuwa ameshahamishwa.

Toeni kopi kabla ya kuirudisha. PF3 halisi inarudi polisi na kuingia kwenye jalada. Kopi inabaki kwako, na ya pili mahali pengine.

Uvimbe na weusi huzidi siku ya pili au ya tatu. Pigeni picha tena mchana kwenye mwanga, moja ya karibu yenye sarafu pembeni kuonyesha ukubwa, na nyingine inayoonyesha sura yake na jeraha pamoja. Kama kimejitokeza kipya, rudini hospitali kiandikwe. Bili ikiwashinda, ulizeni kitengo cha ustawi wa jamii cha hospitali kuhusu msamaha.

Matunzo ya watoto

Afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri ndiye wa kuanza naye. Beba vyeti vya kuzaliwa au kadi za kliniki, na orodha ya gharama za mwezi kwa tarakimu: unga, mchele, mkaa au gesi, ada na nauli, sare, dawa, kodi. Beba pia chochote kinachoonyesha kipato cha baba, kama mahali anapofanya kazi, fremu ya duka, namba ya bajaji, shamba. Orodha isiyo na kipato cha baba huishia kwenye kiasi ambacho baba mwenyewe atakitaja.

Afisa ataandika barua ya wito. Ofisi nyingi humkabidhi mama barua hiyo ampelekee mume. Kataeni, kwa adabu. Mwanamke aliyekimbia kipigo hawezi kurudishwa mlango uleule akiwa na karatasi mkononi. Ombeni ipitie kwa mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa au askari wa dawati, na aliyeipeleka aandike tarehe na kusaini. Kama kata yenu ina kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto iliyoundwa chini ya mpango wa taifa, MTAKUWWA, mjumbe wake anaweza kufanya kazi hiyo.

Makubaliano yakifikiwa, yaandikwe: kiasi, tarehe ya kila mwezi, na njia ya malipo. Ichagueni simu au benki. Pesa ya mkononi haina ushahidi na inampa mume sababu ya kuja anakoishi. Kauli ya "arudi nyumbani nitawalea" isikubaliwe kama jibu la matunzo, maana wajibu wa mzazi hautegemei mama analala wapi. Akigoma au akikiuka, ombi linakwenda Mahakama ya Watoto, na afisa ustawi huandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Wakati wa kugombania malezi, mtoto wa chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa ni heri akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Hati ya Baraza la Usuluhishi

Kama mama ameamua kuomba talaka, mahakama haipokei ombi bila hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza linaweza kuwa la kata, la BAKWATA, la kanisa au la ustawi wa jamii. Ndoa isiyofikisha miaka 2 inahitaji kwanza kibali cha mahakama. Kama mama amehamia wilaya nyingine, mwulizeni msaidizi wa kisheria ni baraza lipi lenye mamlaka kabla ya kufungua shauri.

Makosa ya hati ni yaleyale kila mahali. La kwanza: baraza linaandika barua ya kawaida ya kuitambulisha kesi mahakamani, badala ya hati kwenye fomu yake. La pili: hati haisemi kwamba usuluhishi umeshindikana. Sheria inataka baraza litaje lilichobaini, na sentensi hiyo ya kushindwa ndiyo hakimu anayoitafuta. La tatu: hati imepita miezi 6 tangu itolewe siku ombi linapofunguliwa. Hapo mnaanza upya. Mahakama ya Rufani imeshasisitiza kwamba ombi bila hati halali limefunguliwa kabla ya wakati, na mama anaweza kushinda chini na kupoteza juu, miaka baadaye, kwa ajili ya karatasi hiyo. Isomeni mkiwa bado ofisini.

Ombeni asikilizwe peke yake, au mezani awepo mtu wake. Mume akiitwa na kukataa kwa makusudi kuja, sheria inaruhusu kwenda mahakamani bila hati, lakini wito wote na uthibitisho wa kuupokea viwe vimeandikwa. Kipengele hicho kipo pia kwa mume aliyetoroka na asiyejulikana alipo. Kwa ndoa ya Kiislamu, karatasi ya talaka peke yake haigawi mali wala kupanga malezi, hivyo hati ya baraza bado inahitajika.

Mahakamani ombi likiandikwa, lisiishie kwenye talaka. Liombe pia mgawanyo wa mali, malezi, matunzo, na amri ya kumzuia mume kumfuata au kumbughudhi. Amri hiyo inaweza kuombwa shauri likiwa bado linaendelea. Mama wa nyumbani naye ana fungu: tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif ya 1983, kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango katika kuchuma mali.

Msaada wa kisheria ni bure kwa asiye na uwezo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mashirika kama TAWLA, WLAC na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa huduma hiyo, na wasaidizi wa kisheria wapo wilayani. Msaidizi wa kisheria ataandaa nyaraka na kuelekeza, lakini hasimami mahakamani kama wakili.

Kesi ya jinai ikianza, ni ya Jamhuri, na mama ni shahidi. Mkibadilisha namba ya simu, mpelekeeni mpelelezi namba mpya siku hiyohiyo, kwa sababu shahidi asiyepatikana ndiye anayeifanya kesi ifutwe. Kila tarehe ya kutajwa iandikeni kwenye daftari lako na lake, na siku ya kusikilizwa mtoke nyumbani pamoja.