Kipenyo kigawe kwanza

Wenzangu wa Newala mnaochimba visima vya kuvunia maji ya mvua, msikadirie ujazo kwa macho. Kisima cha duara ni nusu kipenyo mara nusu kipenyo, mara 3.14, mara kina. Kipenyo mita 2, kina mita 3: 1 × 1 × 3.14 × 3 = mita za ujazo 9.42, yaani lita 9,420. Ukisahau kugawa kipenyo kwa 2 utapata lita 37,680, mara nne nzima! (Mwanangu wa darasa la saba kanifanyia hivyo juzi.)

Tangi lililokwisha kujengwa, usihangaike kutafuta katikati. Lizungushie kamba, pima kamba, gawa kwa 6.28, hiyo ndiyo nusu kipenyo. La zege, toa na unene wa ukuta.