Umefunga tairi jipya mbele na pikipiki inadunda? Usianze na shokapu

Pikipiki ya zamani ilikuwa inatembea freshi tu na tairi lake kipara, umeweka tairi jipya ukitegemea raha, sasa ukifika 50 mikono inapigwa chini juu chini juu kama uko kwenye matuta na wakati lami imenyooka kabisa. Mimi ilinikuta kwenye Honda CG125, nikabadilisha sili na oili ya shokapu zote mbili, hela ikaenda na mdundo ukabaki palepale, kumbe tairi halijakaa vizuri kwenye rimu. Ndo maana nasema anza na vitu vya bure.

Kwanza tofautisha kudunda na kuyumba. Kama usukani unacheza kulia kushoto, hapo angalia beringi za usukani na beringi za tairi. Kama mbele inapanda na kushuka, na mdundo unaongezeka haraka kadri unavyoongeza spidi, ujue kuna kitu kwenye tairi kinapiga mara moja kila mzunguko. Rimu ya inchi 18 kwenye 60 inazunguka kama mara 9 kwa sekunde, kwa hiyo kauvimbe kadogo tu mkono lazima ukasikie.

Haya, pima upepo tairi likiwa la baridi. Pikipiki nyingi za saizi hii mbele ni karibu psi 25, soma kitabu chake, maana fundi pancha wengi wanajaza mpaka tairi linakuwa jiwe.

Sasa hapa ndo usiharakishe. Weka pikipiki stendi kubwa, weka kitu chini ya injini tairi la mbele liwe hewani. Ubavuni mwa tairi, karibu na rimu, kuna kamstari kembamba kanakozunguka tairi zima. Zungusha taratibu uangalie umbali wa hako kamstari na rimu, unatakiwa uwe sawa pande zote na mbavu zote mbili. Ukiona sehemu kamezama, hapo tairi halijapanda, na mdundo unatoka hapohapo. Toa upepo wote, bandua ukingo wa tairi sehemu hiyo, paka maji ya sabuni mazito, jaza upepo mpaka usikie limepanda lakini usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye tairi, halafu rudisha kwenye psi yake. Likigoma rudia, mimi lilikubali mara ya tatu. Na kama valvu ya tyubu imelala upande ujue tyubu imevutwa ndani, iweke sawa kabla haijakatika shingo ukiwa njiani.

Kamstari kako sawa na bado inadunda? Funga kijiti kwenye shokapu, ncha yake ikaribie rimu, zungusha. Rimu ikipanda na kushuka zaidi ya milimita 2 imepinda au spoku zimelegea, gonga spoku moja moja na spana, iliyolegea inatoa mlio mzito tofauti na wenzake. Kisha sogeza kijiti kwenye kashata, yaani vile vipande vya mpira vya tairi vinavyokanyaga barabara. Rimu iko sawa ila kashata zinapanda na kushuka, basi tairi lenyewe siyo duara, lirudishe dukani. Hili la dukani liangalie hata kabla ya kununua, soma tarakimu 4 za mwisho kwenye namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, zinaonyesha lilitengenezwa lini, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019, na tairi lililokaa miaka limebanwa chini ya mengine linaweza kuharibika umbo.

Balansi nayo ipo, yaani uzito wa tairi uwe sawa pande zote. Legeza breki tairi lizunguke lenyewe, liache lisimame, rudia mara kadhaa, kama sehemu ileile inakuja chini kila mara hiyo ndo nzito. Zungushia waya wa risasi kwenye spoku ya upande wa pili, kidogo kidogo, mpaka lisimame popote. Tairi likiwa na doti ya njano, mara nyingi hiyo ni sehemu nyepesi, inakaa kwenye valvu.

Baada ya yote hayo ndo uje kwenye shokapu. Bana breki ya mbele, kandamiza usukani kwa nguvu uachie, inatakiwa ipande na kutulia. Ikiendelea kucheza oili imekwisha au imechoka, na tairi bovu kidogo tu litaonekana baya sana. Angalia pia ekseli, kuna fundi anakaza nati ya ekseli huku shokapu zimebanana, zinagoma kuteleza, kwa hiyo legeza nati, kandamiza mbele mara kadhaa, ndo ukaze.

Ikidunda pale unapokanyaga au kubana breki tu, achana na tairi, angalia dramu ya breki, hiyo imeshakuwa yai, siyo duara tena.