Kitenzi "relieve": angalia kinachokifuata

Nilifanya kazi ya uuguzi hadi nikastaafu. Siku hizi nawafundisha wauguzi vijana hapa Tanga Kiingereza cha wodini. Kitenzi ninachokipa muda mrefu kuliko vyote ni "relieve". Utakikuta kwenye maelezo ya dawa na kwenye makabidhiano ya zamu, na maana yake hugeuka kufuatana na neno linalokuja baada yake.

Yakifuata maumivu, kitenzi hiki kinatuliza: "This tablet relieves pain." Kutuliza si kuponya. Parasetamo humpunguzia mgonjwa wa malaria homa na kichwa kuuma, huku vimelea vikiwa vingali kwenye damu. Aliyepona mwandikie "cured". Nalikazania sana jambo hili, kwa sababu mgonjwa anayedhani amepona huacha dozi katikati.

Akifuata mtu peke yake, mara nyingi ni habari ya zamu: "The day nurse will relieve me at seven." Yaani muuguzi wa mchana atanipokea saa moja asubuhi.

Akifuata mtu, kisha "of", mtu huyo anaondolewa kitu. "Let me relieve you of that bag" ni maneno ya adabu: nikupokee mkoba. Lakini "relieved of his duties" ni kuondolewa kazini. Tarehe 11 Aprili 1951, Rais Truman wa Marekani alipomvua Jenerali MacArthur uongozi wa majeshi, vita vya Korea vikiendelea, tangazo lake lilitumia kitenzi hikihiki. Ukiletewa barua ya ofisi yenye "relieved of", isome hadi nukta ya mwisho kabla hujamshukuru mtu.

"Relieve yourself" ni kwenda haja. Ni lugha ya staha, ila kwenye faili andika wazi: "passed urine" au "opened bowels".

Ndugu yake ni "alleviate", lenye asili ya Kilatini, "levis", maana yake -epesi. Hili huhitaji shida yenyewe, halimtaki mtu. "Alleviate the patient" ni kosa. Sema "alleviate the patient's suffering".

Tahajia nayo inawasumbua wengi: kitenzi kina v, "relieve", nomino ina f, "relief". Kwa hiyo ni "pain relief", na "I am relieved" unapomaanisha moyo wako umetulia.