Dari imelowa: nani amlipe fundi bomba?

Kwa miaka 6 nilikuwa katibu wa kamati ya wamiliki katika jengo la fleti 24. Ugomvi mwingi niliopelekewa ulianza vilevile: mtu kaamka, kaona doa la kahawia darini, kapanda ngazi na kumgongea jirani wa juu akidai pesa. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo. Jirani yangu, mama mtu mzima anayeishi peke yake, alinionyesha bafu lake likiwa kavu kabisa. Maji yalikuwa yanatoka kwenye bomba la wima linalohudumia jengo zima. Yalitambaa juu ya zege karibu mita tatu ndipo yakapata ufa wa kunidondokea. Nilimwomba radhi, na hadi leo nikikutana naye kwenye ngazi naona haya.

Kwa hiyo usianze na pesa, anza na chanzo. Funga koki zote za kutekea maji katika fleti inayoshukiwa, andika namba za mita yake ya maji, kisha usitumie hata tone kwa saa mbili. Mita ikisogea, kuna bomba la maji safi linalovuja baada ya mita hiyo, au choo. Choo hupimwa hivi: tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi lake, subiri dakika 20 bila kuvuta maji. Rangi ikionekana kwenye bakuli, maji yanapita chini kwa chini, ingawa hayo kwa kawaida hayashuki darini kwa mtu. Mita isiposogea na dari bado inadondoka, angalia inadondoka lini. Bomba la maji safi lina presha muda wote, kwa hiyo huvuja usiku na mchana. Bomba la maji machafu huvuja pale tu mtu anapooga au kumwaga maji. Na kama dari inalowa mtu akioga, lakini hailowi akimimina ndoo ya maji moja kwa moja kwenye tundu la kutolea maji, shuku vigae na tabaka la kuzuia maji lililo chini yake.

Ukishajua chanzo, fungua hati ya umiliki na kanuni za jengo. Zilizo nyingi zinasema bomba linalohudumia fleti zaidi ya moja ni la wote, hata likipita ndani ya ukuta wa jiko lako; linalokuhudumia wewe peke yako ni lako, hata likiwa limefukiwa sakafuni. Mara nyingi mpaka ni koki ya kwanza ya kufungia maji ya fleti yako. Lakini zipo hati zinazohesabu kila kilichomo ndani ya zege kuwa cha jengo, na hapo neno moja huhamisha gharama yote. Soma mwenyewe, usitegemee kumbukumbu ya mwenyekiti.

Jambo ambalo watu hawalioni mapema ni kwamba gharama ziko tatu, na kila moja inaweza kuwa na mlipaji wake. Ya kwanza ni kutengeneza bomba: mwenye bomba analipa. Ya pili ni kuharibiwa kwa dari, rangi na makabati ya aliye chini. Hapa wengi hukosea wakidhani mwenye bomba analipa kila kitu. Katika nchi nyingi hawajibiki mpaka ionekane alizembea, kwa mfano aliambiwa paipu ya chini ya sinki inavuja akakaa kimya mwezi mzima. Singapore ni tofauti: sheria yao ya mwaka 2004 inachukulia kwamba maji yanayopenya darini yanatokana na fleti ya juu, mpaka mwenyewe athibitishe vingine. Uliza sheria ya kwako inasemaje kabla ya kutishia mtu mahakama.

Ndiyo maana taarifa iwe ya maandishi, yenye tarehe na picha, siku ileile. Kama fleti ya juu ina mpangaji, mwandikie na mwenye nyumba. Iarifu bima yako pia. Bima nyingi hulipa uharibifu wa ghafla na kukataa uvujaji wa miezi, na mara nyingi hulipa dari lakini si bomba lenyewe. Ukichelewa, la ghafla linageuka kuwa la miezi. Wakati huohuo kausha. Kuvu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48.

Gharama ya tatu ni kuvunja na kurudishia. Ili kulifikia bomba la jengo, fundi huenda akavunja bafu lako ambalo halina kosa lolote. Kwa haki kamati inapaswa kurudishia, na nilipokuwa katibu nililitetea hilo kila mara, lakini kanuni nyingine zinasema itaziba tundu kwa saruji tu. Kabla nyundo haijagusa ukuta, pata karatasi yenye saini inayosema nani analipa vigae. Ieleze kama ni vile vilivyovunjwa tu au ukuta mzima, maana vigae vya zamani vya rangi ileile mara nyingi havipatikani tena.